Chenga si mkaa mfu

Swali limetoka kwa dada mmoja wa Mafinga, anayechoma nyama kando ya barabara kuu ya kwenda Mbeya. Nalifupisha:

"Shikamoo fundi. Mwaka jana nilinunua jiko la kauri kwa mzungu aliyekuwa anahama kutoka mashamba ya chai, lile la umbo la yai, lenye mfuniko mzito na tundu la hewa chini na juu. Linakula mkaa kidogo, nalipenda. Shida ni mabaki. Nikilifunga usiku, asubuhi nakuta mkaa umebaki karibu nusu, vipande vimekuwa vidogo. Na chini ya kila gunia kuna chenga. Kijana wangu anasema huo ni mkaa mfu, anaumwaga. Jumamosi iliyopita nikaona nisipoteze, nikajaza jiko zima mabaki na chenga tupu. Moto ukagoma. Kipimajoto kikaganda chini, saa mbili usiku kitimoto bado kibichi mfupani, wateja wamenuna. Je, chenga zinafaa kitu au nimsikilize kijana? Halafu kauri ya ndani ina ufa. Nizibe kwa saruji?"

Marahaba, mdogo wangu, na pole kwa Jumamosi. Kijana wako amekosea, na wewe umekosea, ila kila mtu na kosa lake. Yeye anatupa mkaa mzima akidhani umekufa. Wewe uliujaza ukaunyima pumzi. Nianze na la kijana, maana ni fupi.

Mkaa ni kuni iliyokwisha kupikwa. Kule tanurini mchoma mkaa amefukia magogo kwa nyasi na udongo ili yaungue kwa hewa ya kubania. Maji yametoka, moshi umetoka, utomvu umetoka, imebaki kaboni na majivu kidogo. Ndiyo maana kilo ya mkaa mkavu ina nguvu ya megajuli 28 hadi 30 hivi, wakati kilo ya kuni kavu ina kama 16. Sasa huo mkaa unaobaki ukifunga matundu usiku ni kama umeingia tanurini mara ya pili. Ule moshi kidogo uliokuwa umejificha ndani yake nao umetoka. Kilo kwa kilo haujapoteza nguvu, umepoteza umbo. Kilichoingia kama ngumi kimetoka kama yai, na kilichoingia kama yai kimetoka kama kisoda. Tena una sifa ambayo mkaa mpya hauna: unashika upesi, na hautoi ule moshi mweupe wa mwanzo unaowasha macho na kuacha uchungu kwenye ngozi ya kuku. Mimi nikiletewa mbasa kutoka Kyela, namchoma kwa mabaki peke yake. Samaki hapendi kelele.

Kwa hiyo mwambie kijana aache kumwaga. Anamwaga hela.

Tuje kwako. Jiko lile halina feni wala mtu wa kulipepea. Linavuta hewa lenyewe: hewa ya moto inapanda na kutokea juu, hewa ya baridi inaingia kwa tundu la chini, inapita kwenye kichanja cha chuma kilichobeba mkaa, halafu inapenya katikati ya vipande. Hapo katikati ya vipande ndipo mambo yote yalipo. Chukua ndoo yenye matundu chini, ijaze viazi mviringo, mimina maji juu: yanapita mbio. Ijaze mchele: maji yanatafuta njia, yanapita kwa taabu. Ijaze unga: yanasimama juu, yanakutazama. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Chenga zako zililala kama mchele, na vumbi lake likashuka likaziba matundu ya kichanja kama unga. Moto ukawaka pale juu ulipouwashia, ukala hewa iliyokuwemo, ukakaa unasubiri nyingine. Naamini kila ulipofunua mfuniko moto ulichangamka, ukishafunika ukalala tena. Ukiona hivyo, usilaumu mkaa. Njia ya hewa imeziba.

Huku kwetu nyanda za juu kuna jingine ambalo wenye majiko haya wa Pwani hawana haja ya kulifikiria. Mbeya mjini tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ninyi Mafinga mko juu vilevile. Hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Dar es Salaam. Ndiyo inayofanya maji yetu yachemke kwenye digrii 94 hivi, na maharage yatutese. Kwa moto maana yake ni kwamba tundu ambalo mtu wa Dar analiacha wazi upana wa kidole kimoja, wewe utaliacha kimoja na zaidi kidogo kupata joto lile lile. Ukiwa na mkaa wa vipande vikubwa hutaona tofauti, jiko linajifidia. Ukiwa na chenga, unaiona mara moja, maana ulikuwa huna hewa ya akiba.

Halafu hicho kitimoto cha Jumamosi. Natumaini hakikutoka jikoni. Mikoa yetu hii, Iringa, Mbeya, Songwe, ina tegu wa nguruwe, na nguruwe wengi wanachinjwa mtaani bila mganga wa mifugo kuwaona. Nyama yenye tegu ukiipasua utaona vilengelenge vyeupe kama punje za mchele. Hiyo haichomwi, haiuzwi. Hata isiyo na dalili, moto wake uwe wa kufika mfupani. Kipimajoto cha kuchomeka kwenye nyama kisome digrii 71 au zaidi pale penye mnofu mnene, karibu na mfupa lakini bila kuugusa. Jiko likigoma kupanda joto usiongeze chumvi wala pilipili kuwatuliza wateja. Toa nyama, rudisha moto kwanza, au malizia kwenye jiko jingine.

Sasa kazi yenyewe. Kesho yake baada ya adhuhuri, jiko likiwa baridi kabisa, koroga mabaki kwa koleo. Usikoroge kwa kuyaonea huruma, yagonge. Kila kipande kilichobaki kimevaa koti la majivu, na koti hilo ndilo linalomdanganya kijana wako kwamba kimekufa, kwa sababu ukikiwasha kinachelewa. Kigonge kwenye ukingo wa ndoo, utaona weusi unarudi. Kisha toa yote, mimina kwenye chekeche. Usinunue la duka. Lile la mafundi ujenzi la kuchekechea mchanga linatosha, ila liwe la matundu makubwa, kidole kidogo kipite. Ukikosa, fundi wa kuchomelea akuundie fremu ya mbao na wavu wa chuma.

Kwenye chekeche utapata mafungu matatu, na kila fungu lina kazi yake. Vya ukubwa wa yai na kuendelea ni mkaa wa kawaida, hesabu kama mpya. Vya kati, kuanzia kisoda hadi kidole gumba, ndizo chenga ninazozitetea hapa. Kilichopita chini, punje za mahindi kwenda chini hadi vumbi, hicho hakiingii kwenye jiko la kauri hata kwa bahati mbaya. Nitakirudia.

Kabla ya kupanga, angalia kichanja. Chukua nondo ya milimita 6, ikunje mwisho kama herufi L, ingiza kwa tundu la chini, choma matundu moja moja kwa kutokea chini. Mimi nafanya kingine zaidi, na vijana wangu wananicheka: nawasha tochi ya simu, naiweka kwenye tundu la chini ikimulika juu, halafu nachungulia kwa juu. Kabla ya mkaa kuingia nataka nione kila tundu la kichanja linang'aa. Nikishapanga mkaa, nachungulia tena. Nikiona vijimwanga vitatu vinne vinapenya kati ya vipande, nawasha. Nikiona giza tupu, natoa napanga upya. Inachukua dakika moja, na imeniokoa Jumamosi nyingi. Jiko liwe baridi, usije ukaivisha simu.

Kupanga: vipande vikubwa chini, vya ngumi, vilale juu ya kichanja kwa kuegemeana, vikiacha mianya. Usivimimine kutoka gunia, maana gunia likimiminwa vumbi lake linatangulia. Juu yake mabaki ya ukubwa wa yai. Chenga mwisho kabisa, juu, konzi mbili tatu, zikikusanywa pale utakapowashia. Watu wengi wanafanya kinyume. Wanatupa chenga chini "ziishe" na kuweka mkaa mzuri juu, kama wanavyofanya wauza magunia wetu, mzuri juu chenga chini, kila mtu anajua mchezo huo. Kwenye jiko la kauri mchezo huo unamrudia mwenye jiko.

Kwa nini juu? Kwa sababu chenga zina uso mwingi kwa uzito mdogo. Kipande kimoja cha ngumi ukikivunja mara thelathini, ni mkaa ule ule lakini hewa sasa inaugusa pande zote. Unashika haraka na unaisha haraka. Kitu cha hivyo kazi yake ni kuwasha wenzake. Chenga zilizo juu zinafanya kazi ya njiti na mafuta ya taa, na hapo nitoe onyo langu dogo: mafuta ya taa yasikaribie jiko hili. Kauri ina vinyweleo, inanyonya, na utaila harufu hiyo kwenye nyama mwezi mzima. Karatasi iliyopakwa mafuta ya kupikia, imekunjwa na kuzikwa kwenye chenga, inawaka dakika kadhaa bila harufu. Ukitaka moto wa taratibu washa sehemu moja katikati. Ukitaka moto mkali washa sehemu tatu.

Kiasi gani? Hapa nasema kwa mkono wangu, si kwa kitabu. Kwa kazi fupi, mishikaki, samaki, ndizi, mapaja ya kuku, nusu ya jiko inaweza kuwa mabaki na chenga na hutaona shida. Kwa kazi ndefu kama bega zima la nguruwe au mguu wa mbuzi, saa nne tano kwenye digrii 120, chenga zisizidi robo, na chini pawe na mkaa mpya mkubwa. Sababu ni kwamba moto wa saa nyingi unashuka wenyewe kidogo kidogo, na kadiri unavyoshuka majivu na vipande vinaporomoka kuelekea kwenye kichanja. Ukiwa umeanza na vidogo, saa ya tatu matundu yameshajaa, na huwezi kuyazibua bila kutoa nyama, kichanja cha juu na kila kitu. Kwa moto wa kubabua nyama nyembamba, digrii 250 na kuendelea, tumia mkaa mpya mtupu. Hapo chenga hazina nafasi.

Kama una chenga nyingi kuliko konzi, kuna njia ya kopo. Chukua kopo kubwa la maziwa ya unga, si la rangi. Toboa matundu kwa msumari mnene pembeni kuelekea chini, toa kitako, weka wavu wa waya badala yake. Lichome tupu kwanza hadi rangi zake zote ziungue. Kisha lijaze chenga, weka karatasi yenye mafuta chini, lisimamishe juu ya matofali mawili nje. Ndani ya dakika kumi hadi kumi na tano chenga zote ni makaa mekundu, kwa sababu kopo ni bomba la moshi, linavuta hewa kwa nguvu. Unamimina makaa hayo juu ya mkaa mkubwa uliokwisha kupanga, na jiko limewaka. Chenga zinazosumbua zikiwa baridi hazisumbui zikiwa nyekundu. Kitu hiki kinawafaa hata wenye jiko la kawaida la bati lenye udongo ndani. Kwao chenga si adui mkubwa kwa sababu mlango wa majivu ni mpana na mkono wa kupepea upo, lakini nao wakiacha vumbi lijae kwenye vitundu vya udongo, wanapepea mpaka bega linauma.

Mkaa gani unaacha chenga nyingi? Hili linategemea unanunua wapi. Mkaa wa miti ya miwati ya Njombe ni mzito na una mlio. Ukigonganisha vipande viwili unasikia kama vigae. Miti yenyewe ililetwa kwa ajili ya magome yake ya kusindikia ngozi, na kampuni ya miwati ya Njombe ilianza 1949. Mkaa ukaja kuwa faida ya pembeni kwenye mti uliokwisha kuchunwa. Mkaa wa mtundu na miti mingine ya miombo kutoka Chunya nao ni mgumu, unavumilia safari. Ninyi Mafinga mna msindano mwingi, yaani paini, masazo ya viwanda vya mbao yanachomwa mkaa, na mkaa huo ni mwepesi, unapasuka cheche, unavunjika mikononi. Ukinunua gunia la msindano ujue umenunua chenga zilizoshikana kwa muda. Si mbaya kwa kopo nililokueleza, na bei yake mara nyingi inasamehe. Lakini usiuweke chini ya bega la nguruwe.

Mvua nayo. Kuanzia Novemba hadi Aprili mkaa unanyonya unyevu hewani, na chenga zinanyonya kuliko vipande vikubwa. Mabaki yaliyokaa jikoni siku tatu za ukungu yanaonekana makavu, ukiyawasha yanatoa mvuke na joto linapanda kwa kusuasua. Yaweke kwenye ndoo ya bati yenye mfuniko, ndani ya nyumba, mbali na ukuta unaovuja. Na ukifungua jiko baada ya likizo ukakuta ukungu wa kijani ndani, toa mkaa wote, usiupikie. Washa moto mdogo mpya, upandishe polepole kwa muda wa saa nzima, halafu uache uwake mkali mfuniko ukiwa wazi hadi kuta ziwe safi. Polepole, kwa sababu kauri iliyonyonya maji ikipata moto wa ghafla inapasuka. Kwa sababu hiyo hiyo usizime moto kwa maji, hata kama mteja wa mwisho amegoma kuondoka na wewe unataka kulala.

Kuzima ni kufunga tundu la chini kwanza, kisha la juu, basi. Ndiyo ujanja wenyewe wa jiko hili. Kauri inashika joto, mfuniko unabana, moto unakosa hewa na mkaa unabaki kuwa mkaa. Asili yake ni majiko ya Wajapani, kamado; askari wa Kimarekani waliyaona kule baada ya vita vya pili wakayabeba kwao, na 1974 jamaa mmoja wa Atlanta akaanzisha kampuni ya kuyauza, ile ya Big Green Egg, yaani yai kubwa la kijani. Usipopata mabaki asubuhi, ujue gasketi, ule mkanda unaobana mfuniko, imechakaa na hewa inaingia usiku kucha. Kwa hiyo hayo mabaki yako, nusu jiko, ni habari njema. Jiko lako linabana.

Lakini kuzimika si kupoa. Nikupe la kwangu. Miaka ile naanza, nilifunga jiko saa tatu usiku, saa sita nikalifungua, nikaona weusi mtupu, nikagusa kipande kimoja kwa kidole, baridi. Nikazoa mabaki yote nikatia kwenye kiroba, nikaweka stoo nyuma ya benchi. Alfajiri jirani ananigongea. Chenga moja katikati ilikuwa hai. Ndani ya jiko ilikosa hewa, kwenye kiroba ikaipata. Iliondoka na kiroba, benchi, mwavuli wa biashara na nusu ya mlango. Toka siku hiyo sitoi mabaki kabla ya adhuhuri ya kesho yake, na yakitoka yanaingia kwenye bati. Plastiki kamwe.

Na hivyo hivyo ukifungua mfuniko wakati jiko limebanwa hewa, nyanyua kwanza upana wa vidole viwili, hesabu hadi tano, ndipo ufungue. Moto uliokosa hewa ukiipata kwa mpigo unaruka nje, na chenga zinaruka zaidi kwa sababu zote zinashika kwa pamoja. Waliopoteza nyusi kwenye kazi hii ni wengi, mmoja wao anakuandikia.

Narudi kwa vumbi. Kile kilichopita chekeche kikusanye kwenye pipa kavu. Likijaa, tengeneza mkaa wa kufinyanga: pika uji mzito wa unga wa muhogo, changanya na vumbi ukandekande hadi likishikwa linabaki na alama za vidole. Kwa kilo kumi za vumbi, unga nusu kilo hadi kilo moja unatosha. Finyanga kama andazi, ukitoboa tundu katikati, anika juani siku tatu hadi tano. Juni na Julai jua letu ni kali ingawa baridi ipo, huo ndio msimu wake. Wengine wanatumia udongo wa mfinyanzi badala ya muhogo. Unashika, lakini unaacha majivu mengi, na kwa jiko la kauri majivu mengi ni Jumamosi yako tena. Mkaa wa kufinyanga upeleke nyumbani kwenye jiko la bati, uchemshie maharage na makande. Unawaka kwa upole na unakaa sana, na huku kwetu maharage yanataka subira kuliko nguvu.

Majivu yenyewe yanafaa mchicha na migomba, kidogo kidogo. Usimwage kwenye viazi, vitatoka na magaga, wala karibu na chai ya jirani. Chai inataka udongo wenye uchachu na majivu yanauondoa.

Jambo moja ambalo hukuuliza, na nalisema kwa sababu Juni inakuja na najua baridi ya Mafinga. Makaa ya chenga hayatoi moshi, kwa hiyo watu wanayaamini. Mtu anachukua makaa yaliyobaki kwenye karai, anaingiza chumbani watoto wapate joto, anafunga dirisha. Yanatoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, na inaua watu wamelala. Kijana wako akiondoka usiku na makaa kwenye kopo, muulize anakwenda nayo wapi.

Ufa sasa. Ile kauri ya ndani inayobeba mkaa ndiyo inayopata joto la juu kuliko zote, inatanuka na kusinyaa kila siku. Kupasuka kwake ni jambo la kawaida na jiko linaendelea kupika kama zamani. Saruji usiweke. Haitanuki sawa na kauri, itajisukuma, itaongeza ufa, na vipande vyake vitaanguka kwenye moto. Zungusha waya mnene wa chuma kwa nje ya kikasha hicho, ukaze kwa koleo, kikae pamoja. Kinachotakiwa kukutia wasiwasi ni ufa kwenye ganda la nje au kwenye mfuniko, unaopitisha hewa. Kesho jiko likiwa baridi na tupu, funga matundu yote mawili, weka tochi ndani, ufunike, uende nalo gizani au usubiri jioni. Ukiona mstari wa mwanga popote nje, nipigie picha unitumie.